Sala ya Basi la Walungu

Pale gerejini wananiita Pasta, na mimi si mchungaji wa kanisa lolote. Ni fundi wa magari, magoti yangu yamechoka kwa kulala chini ya injini, na hasira yangu iko karibu kuliko inavyompasa mtu wa Mungu. Jina lile nilipewa kwa utani. Nilipoanza kazi, madereva walinikaribisha kwa chupa ya bia. Nikasema asante, sinywi. Wakaleta nyingine, wakidhani ya kwanza haikuwa baridi ya kutosha. Nikakataa tena, na mmoja akasema, "Mumuache huyu, iko pasta." Mwanaume akikataa bia mbele ya wanaume wenzake katika Bukavu, anaondoka na jina siku hiyo hiyo.

Sikuudhika. Jina lile lilinisaidia mara nyingi. Katika gereji kuna uongo mdogo wa kila siku: kipuri cha zamani kinaoshwa kwa petroli, kinapakwa grisi, mteja anaambiwa ni kipya. Mimi nilikuwa nakataa kusema maneno hayo, na wenzangu wakazoea kusema, "Usimuulize Pasta, atasema kweli." Mwenye gereji, tunayemwita patroni, hakunifukuza kwa hilo. Aliona wateja wanauliza nani atafanya kazi ya gari lao, na wakisikia ni mimi wanakubali kuliacha. Patroni si mtu mbaya. Ni mtu anayejua kuhesabu.

Sala ilianza bila mtu kuipanga. Mimi nina desturi yangu: nikimaliza gari, kabla sijampa dereva ufunguo, naweka mkono juu ya boneti na kuomba kimoyomoyo. Sisemi mengi. Namshukuru Mungu kwa kazi, namkabidhi watakaopanda. Siku moja dereva mmoja aliniona nimesimama hivyo, midomo inatikisika, akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia. Akavua kofia yake. "Basi omba kwa sauti," akasema, "na mimi nisikie."

Nikaomba kwa sauti. Wa pili akasikia habari, akataka na lake liombewe. Ikafika mahali dereva hakubali kuondoka kabla sijaweka mkono, hata kama alikuja kubadilisha balbu tu. Wanazima injini, wanavua kofia, wanafumba macho, na mimi naomba. Gereji yetu iko kando ya barabara inayotoka mjini kwenda Walungu, na ng'ambo ya barabara ndipo akina mama wa soko wanaposubiri mabasi na mizigo yao. Nao wakazoea kuvuka na kusimama pamoja nasi. Wakisema "Amina", mpaka kuku walio kwenye vikapu wanashtuka.

Patroni alipoona hayo, alimleta mchoraji wa vibao, akachora ukutani, kando ya tairi kubwa jeusi, mikono miwili inayoomba. Mikono yenyewe ilikuwa mibaya, vidole vimevimba kama ndizi. Nilimwambia patroni kwamba sipendi. Akacheka, akasema, "Pasta, unapenda kumuficha Mungu?" Ukweli ni kwamba sehemu yangu moja ilipendezwa. Nakaa Kasha, huko Bagira, navuka mji mzima kwa pikipiki kila asubuhi, na ilikuwa tamu kufika mahali ambapo watu wanakusubiri.

Lile basi dogo la Walungu ndilo lililoniharibia utamu huo.

Lilikuwa mali ya patroni mwenyewe. Aliyeliendesha alikuwa kijana wa kanisani kwetu, mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti nene isiyolingana na mwili wake mwembamba. Mimi na mke wangu ndio tuliosimama wasimamizi katika ndoa yake, kwa hiyo aliniita papa parain, na mke wangu maman maraine, kama ilivyo desturi yetu. Usimamizi huo hauishi siku ya harusi. Wakigombana, wanakuja kwetu. Mkewe alipopata mimba, sisi tulikuwa wa kwanza kuambiwa, hata kabla ya mama yake mzazi. Huyo dereva alikuwa kwangu kitu cha karibu sana na mtoto.

Alileta lile basi asubuhi akilalamika kwamba breki imekuwa laini. Nikapanda, nikakanyaga. Pedali ikashuka polepole mpaka karibu na sakafu. Nikaachia, nikakanyaga tena kwa haraka, ikashika. Nilijua mara moja. Pampu ya breki ilikuwa imekwisha ndani. Mipira yake imeliwa, mafuta yanapita pembeni badala ya kusukuma magurudumu. Ugonjwa huu ni mbaya kwa sababu una adabu: unakupa breki mara ya pili, dereva anazoea kukanyaga mara mbili, na baada ya wiki chache anaona ndiyo namna ya gari lake. Halafu siku moja, gari limejaa, mteremko ni mrefu, mafuta yamepata moto, na hiyo mara ya pili haipo.

Nikamweleza patroni. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, anakula mkate na parachichi.

"Imekwisha namna gani?" akauliza. "Si anakanyaga mara mbili inashika?"

"Inashika leo. Mulima haitamungoja akanyage mara mbili."

"Hii siku, piesi ya namna hii inatoka wapi?"

Swali lake halikuwa la bure. Tangu vita ilipoingia mjini, benki zimefungwa, barabara ya Uvira inafunguka na kufungwa, na kitu kilichokuwa kinafika kwa wiki kinafika kinapotaka. Lakini pampu ilikuwepo. Nilikuwa nimeiona kwa macho yangu siku chache kabla, nilipotumwa kuuliza bei kule Nyawera, hapa hapa mjini, katika duka la mzee mmoja Mwislamu, mtu wa Uvira ambaye babu zake walitoka pwani, na ambaye anauza vipuri tangu mimi ni mwanafunzi. Aliitoa kwenye boksi, akaniwekea mkononi. Ilikuwa nzito na safi, bado ina karatasi yake ya mafuta. Patroni alishatuma watu pale mara kadhaa kuuliza bei za vipuri, kila mara akaziona kali. Yule mzee akaniambia bila kukasirika, "Umwambie bwana mkubwa wako, asitume tena mtu wa kuuliza. Atume mtu wa kununua." Mimi mwenyewe, kwa mshahara wangu wa siku hizi, nisingeweza kuinunua hata kwa nusu.

Patroni akafuta mdomo. "Tutainunua," akasema. "Mwezi kesho. Sasa gari ifanye kazi, ndiyo italeta pesa ya piesi. Wewe weka mukono, iende."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayetaja kazi yangu ya kawaida. Na hapo ndipo nilipoelewa sala yangu imekuwa nini pale gerejini. Ilikuwa kipuri. Mahali palipokosa pampu, niliwekwa mimi.

Nikasema hapana. Nikasema mbele ya dereva, mbele ya mafundi wenzangu, na mbele ya akina mama waliokuwa wameshavuka barabara na kuweka vikapu chini. "Hili gari siliombei. Pampu ya breki imekufa." Nilitaja pampu kwa sauti. Nilieleza hata mipira. Nilidhani nimesema jambo la wazi kuliko yote niliyowahi kusema.

Mama mmoja akachukua kikapu chake, akarudi nyuma hatua chache. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Papa Pasta, uliona nini?"

"Niliona pampu, maman."

"Ndiyo. Lakini ulioneshwa nini?"

Nikaeleza tena, na kila nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kuniangalia kwa huruma, kana kwamba wanasema huyu mtumishi hataki kutuogopesha, anatafuta maneno ya fundi ili kuficha alichofunuliwa. Kabla ya mchana habari ilikuwa imefika kwenye mabasi mengine: Pasta ameota ajali, basi lile limeandikiwa damu. Wengine walisema nililia. Hakuna aliyesema neno breki.

Niliona uchungu mwingi siku hiyo, na uchungu wangu ulikuwa na hasira ndani yake. Miaka yote nilijisifu moyoni kwamba watu wananiamini. Kumbe waliamini mkono wangu juu ya boneti. Maneno yangu ya fundi hawakuyahitaji.

Hakuna abiria aliyepanda lile basi. Patroni hakunipigia kelele, alinuna tu, na kununa kwake kulikuwa kubaya zaidi. Dereva alikuja nyumbani kwangu Kasha jioni, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Papa parain, unanikosesha kazi," akasema. "Bibi yangu anangojea kuzaa. Mi nitafanya nini?"

"Usiendeshe hiyo gari."

"Nikikataa, patroni anaita mwingine. Bako wengi wanangojea."

Nilijua ni kweli. Katika mji huu, leo, nyuma ya kila mtu mwenye kazi kuna foleni ya wasio nayo. Nilimwambia kwamba Mungu hutoa riziki kwa njia nyingi, na nilipojisikia nikisema hivyo nikaona haya, kwa maana mimi nilikuwa na kazi na yeye ndiye alikuwa anaambiwa aiache. Alishukuru kwa chai, akaondoka bila kuimaliza.

Mke wangu alikuwa amesikia yote akiwa jikoni. Akaja akakaa mahali pale pale alipokuwa kijana.

"Wewe uko napigana na nani," akaniuliza, "na pampu ao na Mungu?"

"Na pampu."

"Basi kwa nini usiombe, halafu uendelee kupigana na pampu? Sala haiharibu kitu."

Nilisema kwamba nikiomba, wale akina mama watapanda. Akasema wakipanda na Mungu yupo, shida iko wapi. Mke wangu ana imani kuliko mimi, nalisema bila utani. Aliugua, akapona, na anajua aliponywa na nani. Lakini yeye hakukanyaga ile pedali.

Dereva akatafuta mtu mwingine wa kuomba. Alipata mtumishi wa chumba kimoja cha maombi kule Kadutu, akaja, akaliombea basi lile kwa nguvu, akalizunguka, akalipiga kwa kiganja. Abiria bado hawakupanda, kwa sababu yule mtumishi hakuwa ndiye aliyeona. Basi dereva akapakia saruji tupu, mifuko mpaka dirishani, akaenda Walungu.

Nataka kusema jinsi siku ile ilivyopita kwangu, kwa sababu ndiyo inayonisumbua zaidi. Nilifanya kazi nikisikiliza barabara. Kila pikipiki iliyosimama mbele ya gereji, niliinua kichwa: labda analeta habari. Nilikuwa namwombea yule kijana, kweli nilimwombea, chini ya lori, uso wangu umejaa vumbi. Na alasiri nilipoliona basi linarudi, limebeba mihogo na ndizi, yeye anapiga honi na kucheka dirishani, kitu cha kwanza kilichonipata moyoni hakikuwa furaha. Furaha ilikuja, lakini ilikuja ya pili. Ya kwanza ilikuwa kama hali ya mtu aliyeshindwa kesi. Sijamwambia hata mke wangu hilo.

Jumapili alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Akaeleza jinsi kwenye mteremko, akiwa amejaza, pedali ilivyoshuka mpaka chini na gari likaendelea kukimbia. Akalitaja jina la Yesu, akakanyaga tena, ikashika. "Mungu alishika freni na mukono yake mwenyewe," akasema. Kanisa likapiga makofi, kwaya ikaingia na wimbo, akina mama wakacheza mpaka mbele. Mimi nilikaa kwenye benchi. Nilikuwa naijua ile mara ya pili, naijua mipira yake. Wala sikuwa na uwezo wa kusimama na kusema kwamba Mungu hakuwepo kwenye ule mteremko, kwa sababu siamini hivyo. Naamini alikuwepo. Naamini pia kwamba alikuwa ameshatuonyesha pampu Nyawera. Lakini jambo la namna hiyo unalisemaje katikati ya ngoma? Mke wangu alipiga makofi, kisha akaniangalia, akaacha.

Ushuhuda ule haukuwatosha akina mama wa Walungu. Walifurahi, lakini walisema: yule aliyelifunga basi, alifungue. Patroni aliniita kando, karibu na ile mikono ya ukutani.

"Kesho ni soko ya Walungu," akasema. "Bale bamama bataingia ukiomba, bila wewe habaingii. Mi si mutu wa vita. Lakini kama hauombi kesho, uchukue vifaa yako ubaki kwako Kasha."

"Ununue pampu, patroni. Nitaifunga leo leo, na nitaomba mpaka sauti iishe."

"Pampu mwezi kesho. Umesikia."

Asubuhi ile nilifika mapema. Basi lilikuwa limeegeshwa mbele ya gereji, mawe nyuma na mbele ya magurudumu, usukani umekunjwa kando. Mizigo ilikuwa imeshafungwa juu. Akina mama walikuwa wengi, na vitenge vyao vya soko, na mmoja alikuwa na mtoto mgongoni aliyelala kichwa kikining'inia. Dereva alikuwa amevaa shati safi. Alinijia akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Papa parain, Mungu akubariki. Utuwekee mukono, twende."

Nikajaribu mara ya mwisho. Nikawaambia wote, polepole, kwamba sijaota kitu, sijaoneshwa damu ya mtu, breki ya gari hili ni mbovu na dawa yake iko Nyawera. Yule mama aliyeniuliza siku ile akatikisa kichwa akitabasamu. "Papa Pasta anajishusha," akawaambia wenzake. "Omba tu, papa. Sisi tuko tayari." Patroni alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, anaangalia saa.

Nikapiga magoti kando ya gurudumu la mbele, kama nilivyozoea pakiwa na tope kwenye boneti, nikaweka mkono juu ya tairi. Wakavua kofia. Wakafumba macho. Nikaanza.

Nilianza vizuri. Nilimshukuru Mungu kwa asubuhi, kwa kulinda mji usiku, kwa kazi. Halafu nikafika pale ninaposema nawakabidhi mikononi mwako hawa watakaopanda, na maneno yakakwama. Nikafumbua macho. Sijawahi kufumbua macho katikati ya sala yangu mwenyewe. Niliona nyuso zao zote zimeinama, zimetulia, mama wa mtoto midomo yake inafuata maneno yangu, na yule kijana wangu amekunja uso kwa bidii kama anapoimba. Hawakuwa na wasiwasi hata mmoja. Wasiwasi wao wote walikuwa wamenipa mimi niubebe, na sasa walikuwa wepesi, tayari kupanda. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa risasi.

Nyuma ya gurudumu la mbele kuna skrubu ndogo ya kutolea hewa kwenye breki. Usukani ukiwa umekunjwa, mkono unaifikia. Ufunguo wake, spana ndogo, ulikuwa mfukoni mwangu, haukosi kuwamo. Niliutoa. Niliendelea kuomba, na naapa niliomba kweli. Nikasema, "Bwana, watu hawa ni wako, uwafikishe kwao wakiwa wazima." Wakasema amina. Nikasema, "Usiwaache mikononi mwa mtu yeyote, hata mikononi mwangu." Wakasema amina. Skrubu ilikuwa ngumu, halafu ikalegea. Nikaizungusha kwa vidole mpaka ikatoka yote, na mafuta yakaanza kudondoka kwenye vumbi, polepole. Nikaifunga ngumi yangu juu yake. Nikasema katika jina la Yesu.

Amina ile ya mwisho ilikuwa kubwa.

Walipofumbua macho nilikuwa nimesimama. Nikafungua kiganja, nikamwonyesha dereva. "Gari haiendi," nikasema. "Nimetoa mafuta ya breki."

Hakuelewa. Akaangalia skrubu, akaangalia chini, akaona vumbi limelowa. Akapanda, akakanyaga mara moja, mafuta yakaruka mpaka kwenye suruali yangu. Akakanyaga mara ya pili. Mara hii haikushika.

Patroni aliinuka na kiti kikaanguka. Maneno aliyosema sitayaandika, na mengi yalikuwa haki yake. Akina mama walianza kushusha mizigo, wakinung'unika wao kwa wao, wakaenda kutafuta basi jingine bila kuniaga. Yule aliyesema najishusha alipita karibu nami, akanitazama usoni kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali fulani. Kisha akafunga kitenge chake vizuri na kuvuka barabara.

Nilikusanya vifaa vyangu. Nilidhani nimekwisha pale. Lakini basi lililosimama mbele ya mlango wa gereji siku ya soko haliwezi kubaki pale, na hata skrubu ikirudishwa hakuna abiria atakayelipanda tena, na patroni, nimesema, anajua kuhesabu. Akamtuma mtu Nyawera, safari hii wa kununua. Pampu ikafika kabla ya jua la mchana, na boksi lake. Akaitupa mezani mbele yangu. "Funga," akasema. Sikuuliza kama nimefukuzwa. Nikafunga.

Pampu mpya ikishafungwa, lazima kutoa hewa, na kazi hiyo inataka watu wawili. Mmoja analala chini kwenye gurudumu, mmoja anakaa juu kwenye pedali. Wa chini anasema kanyaga, wa juu anakanyaga na kujibu. Wa chini anafungua, hewa inatoka, anafunga, anasema achia. Ni lazima kuaminiana kidogo, kwa sababu hakuna anayemwona mwenzake. Dereva alipanda bila kuitwa.

"Kanyaga," nikasema.

"Nimekanyaga."

"Achia."

"Nimeachia."

Tukazunguka hivyo gurudumu kwa gurudumu. Sauti yake nene ilikuwa inatoka juu, kavu, haina wimbo. Kwenye gurudumu la mwisho pedali ilikuwa ngumu na nzuri, inasimama juu mara ya kwanza. Nilijua bila kuiona, kwa namna mafuta yalivyotoka safi. Nilimwambia kutoka chini kwamba imekwisha, gari lake ni zima, anaweza kuteremka Walungu hata amefunga mkono mmoja. Nilitaka acheke.

Akasema, bila kushuka, "Papa parain. Mi nilifunga macho."

"Najua, mwanangu."

"Mi nilifunga macho, na wewe ulikuwa unafanya ile."

Nilikuwa nimelala pale chini, mafuta yananidondokea karibu na sikio, na nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa na mteremko, na mkewe mwenye mimba, na mtoto aliyelala kichwa kikining'inia. Yote yalikuwa kweli. Sikusema hata moja. Akawasha gari, nikatambaa nikatoka, akaondoka. Hakuzima injini kunisubiri niweke mkono.

Kazi haikupotea. Patroni alinuna mpaka akachoka, kisha siku moja akanipa lori la mtu nilitengeneze, basi. Ile mikono ya ukutani aliipaka rangi nyeupe, ingawa ukiangalia jua likiwa la pembeni bado unaona vidole. Madereva hawaniombi tena niombe. Wananiuliza zaidi kuhusu mipira na pampu, na wanasikiliza ninachojibu, jambo nililolitaka kwa muda mrefu, na sijui kwa nini halinifurahishi. Nikimaliza gari naweka mkono juu ya boneti kimoyomoyo kama zamani. Nikifanya hivyo, fundi wa karibu huwa anaangalia mkono wangu wa pili.

Mke wa dereva alizaa salama, mtoto wa kike. Walituletea habari kwa simu, halafu wakatuletea mtoto mwenyewe, kwa sababu sisi ni wasimamizi na desturi ni desturi. Mke wangu alimbeba, akaimba. Kijana alikunywa chai yake, akaimaliza. Aliniita papa parain, kwa heshima ile ile. Mkewe akaniomba nimwombee mtoto kabla hawajaondoka, nami nikasimama, nikaweka mkono juu ya kile kichwa chenye joto. Mke wangu akafumba macho. Mama wa mtoto akafumba macho.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kusema "Baba yetu" nilipomwona yeye. Alikuwa amesimama wima, mikono imekunjwa kwa adabu, ananitazama.

Niliomba hivyo hivyo, naye ananitazama, mpaka mwisho. Akasema amina pamoja na wengine.